Jembe Lililokataa Kulika

Mikumi, Jumamosi jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Za kuulizana hali tuziache, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na hali yako naijua. Sasa hivi uko Magomeni ya Kilosa unaaga kwa bibi yako na kwa shangazi zako. Mimi nimebaki karakana, nimezima tanuru mapema nipate kukuandikia. Barua hii utaikuta kwenye begi chini ya taulo. Isome ukishafika. Ukiisoma ndani ya basi utalia, na abiria wenzako watadhani umeachika.

Habari za kula, kulala, kufunga mlango, nani wa kumzoea na nani wa kumkwepa, shangazi zako watakuwa wamezimaliza leo, na kama nawajua wamezirudia. Sina la kuongeza hapo. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini miezi hii nilikuwa nakujibu kwa mkato kila ulipotaja kiwanda, na kwa nini leo sijibu tena hivyo. Unakwenda kusimamia zamu ya majembe mahali palepale walipotutoa mimi na baba yako. Mama yeyote angefurahi. Mimi imenibidi nijifunze kufurahi.

Niliingia kile kiwanda nikiwa mdogo kuliko wewe sasa, msichana wa Kilosa mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Upande mmoja wa ukuta walikuwa wanayeyusha chuma chakavu na kukiviringisha kuwa paa, ndivyo tulivyoita vile vyuma virefu bapa. Upande wa pili paa zinakatwa, zinachomwa, zinapigwa, zinatoka majembe. Mimi niliwekwa kwenye mizani. Jembe lilitakiwa liwe na kilo moja na nusu. Likipungua gramu hamsini nalirudisha, likizidi gramu hamsini nalirudisha pia, na mafundi wakanichukia sawasawa kwa yote mawili. Baba yako alikuwa kwenye nyundo kubwa ya mashine, ile iliyomla masikio. Alinitongoza kwa kupiga kelele kushindana na nyundo. Zamu nzima ilisikia. Mimi ndiye pekee niliyejifanya sijasikia.

Tulijiona watu. Ukitoka pale na ovaroli, muuza duka anakukopesha bila kukuuliza unakaa wapi. Nilikuwa nikirudi Kilosa likizo naangalia mashamba kutoka dirishani mwa treni, naona watu wameinama na majembe, najiambia, hilo nimelipima mimi. Sikuwahi kushuka nikawauliza lolote.

Halafu kikaanza kufa, na wewe nataka ujue kinavyokufa, kwa sababu hakianguki kwa kishindo. Kwanza tanuru la kuyeyushia likawa linazimwa mwisho wa wiki, tukaambiwa ni umeme. Kisha likazimwa kabisa, tukawa tunanunua paa. Zamu tatu zikawa mbili. Mtunza stoo, mzee mwaminifu sana, akaanza kuchomoa beringi kwenye mashine iliyolala ili kuiponya iliyo macho, na sisi tukamsifu kwa ubunifu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nje, sokoni, yalishaingia majembe kutoka ng'ambo, mepesi, yamepakwa rangi kama pipi, na bei yake rejareja ilikuwa chini ya bei tuliyokuwa tunanunulia chuma kitupu. Fikiria hesabu hiyo. Jembe zima na rangi yake na safari yake ya meli na faida ya mwenye duka, rahisi kuliko paa yetu kabla haijaguswa na nyundo. Mimi niliyekuwa nasumbua watu kwa gramu hamsini niliiona hesabu hiyo, na bado nikakaa.

Siku ya mwisho walituambia ni mapumziko ya muda. Sisi tuliobaki tukaitwa wafanyakazi wa ziada. Neno hilo limenikaa, Mwanaidi. Mtu anayepima jembe akaambiwa yeye ndiye aliyezidi.

Baba yako alitaka turudi Kilosa wiki ileile. Nikamkatalia. Nilimwambia nchi haiwezi kulima kwa mikono mitupu, lazima watatuita. Tulibaki mjini mpaka masika ya pili, naamka asubuhi, navaa, nakwenda kusimama nje na wenzangu kuuliza habari. Siku moja tukaona malori yanatoka. Walikuwa wamekata mashine kwa gesi. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha chuma chakavu kilikuwa kinauzwa chenyewe kama chuma chakavu. Baba yako aliitambua nyundo yake kwenye lori la tatu, vipande vinne. Alivua kofia, lori likapita, akaivaa tena.

Basi tukarudi Magomeni, kwa bibi yako, chumba kimoja, na wewe ulikuwa hujazaliwa. Niliuza maandazi, niliuza dagaa, nilifuma vitambaa. Yote nilikuwa nayafanya vizuri na yote nayachukia. Ni baba yako aliyesema twende Mikumi, kwenye barabara kuu, maana kule magari makubwa yanavunja springi kila siku na mafundi wanazitupa nyuma ya gereji. Chuma cha springi ni kizuri kuliko paa yoyote tuliyowahi kupiga. Tulianza na pipa lililokatwa, mkaa, feni ya gari la zamani ya kupulizia moto, na kipande cha reli tulichonunua kwenye mnada kuwa fuawe. Baba yako anapiga, mimi nachoma, nazamisha kwenye oili chafu, napima. Mizani yangu ilikuwa ya kuuzia nyama.

Na hapa ndipo inapoanza hadithi unayoijua nusu.

Nilikuwa nimeapa kutengeneza jembe ambalo kiwanda kile hakikuwahi kulifikia. Kiwandani, malalamiko makubwa yaliyokuwa yanaletwa na wakaguzi ni kwamba jembe linalika upesi. Nikasema langu halitalika. Majembe ya kwanza nikayapeleka Kisanga, kwenye ardhi ya mawe ya mwinuko, wakayasifu mpaka nikavimba kichwa. Mwaka uliofuata nikapeleka mzigo Kidete, kwenye udongo mweusi wa mto Mkondoa. Yakanunuliwa yote. Baada ya miaka miwili nikarudi na mzigo mwingine nikijua nitagombaniwa. Hakununua mtu.

Nilikwenda kwa Bi Sikujua, yule mama mtu mzima wa karibu na stesheni, ambaye wanawake wengine walikuwa wanamwangalia kwanza kabla ya kununua chochote. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkeka, akaniacha nikae.

"Mama, majembe yangu yana kasoro gani?"

"Hayana."

"Yamevunjika?"

"Yangevunjika tungekwambia ni mabovu. Jembe lako halizeeki, mwanangu."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa yake.

"Sifa kwa nani?" akasema. "Kulima nalimia jembe jipya. Likishalika msimu mmoja, miwili, likawa dogo, jepesi, ndilo la palizi. Jembe la palizi halinunuliwi, linalelewa. Mimi lako nimeanza kulilea mwaka juzi. Liko vilevile. Napalilia mahindi na kitu kizito kama mtoto wa kubeba, nakata na mashina. Mkono huu hapa, ushike."

Akanipa mkono wake niushike. Kifundo kilikuwa kimevimba.

Mwanamke aliyekuwa anapepeta pembeni akadakia, "Umetuletea jembe la kuzikwa nalo, dada." Wakacheka wote. Mimi nikakasirika. Nilianza kuwaeleza habari za ugumu wa chuma, za moto, za oili, nikawatajia na gramu. Bi Sikujua akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, kisha akaingia ndani akatoka na jembe lake la zamani la palizi, la kiwanda. Liliwahi kuwa na kilo moja na nusu, na huenda nililipima mimi mwenyewe. Nikaliweka kwenye mizani. Gramu mia nane na hamsini. Pembe zimekwisha, ubavu mmoja umelika kuliko mwingine kwa namna anavyovuta mkono. Nikalishika nikapalilia mstari mmoja wa mahindi yake. Liliingia kwenye udongo kama limezaliwa humo.

Miaka yote ile, Mwanaidi. Sisi tulikuwa tunaandika "kulika" upande wa hasara, na wao walikuwa wanakuhesabu kama nusu ya pili ya bidhaa. Kiwanda kizima, wahandisi, wakaguzi, mimi na mizani yangu, hatukujua kwamba tunauza majembe mawili kwa wakati mmoja. Na lile la pili ndilo lililokuwa linashika mkono wa mwanamke siku nyingi zaidi kwa mwaka.

Sikukwambia haya ulipokuwa mdogo kwa sababu nilikuwa bado nauma meno. Ni vigumu kukubali kwamba kitu chako kilikuwa sahihi na hakifai. Ukiwa kule, utakuwa sahihi mara nyingi, nakujua. Siku hizo ndizo ujichunge.

Niliomba jembe lile kwa Bi Sikujua, nikalilaza kwenye bati, nikalichora kwa chaki. Nikarudi Mikumi nikamwambia baba yako tutatengeneza jembe ambalo limeshalika. Akaniangalia.

"Unasema?"

Nikapandisha sauti. "Jembe jipya lililozeeka."

"Nimesikia mara ya kwanza," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu iwe masikio."

Unajua yaliyofuata, maana ulikuwa unatambaa katikati ya vumbi la mkaa. Gulio la Kilosa tuliitwa wendawazimu wanaouza makuukuu kwa bei ya mapya. Kufikia mchana hapakuwa na hata moja. Mwezi wa palizi walikuwa wanakuja mpaka hapa barabarani kuuliza jembe la Mama Mwanaidi. Kutoka pipa moja tukafika matanuru matatu, na watu tisa wanaokula kwa nyundo hii, wanne wao wenzetu wa kiwandani tuliowaokota walikokuwa wanalinda magodauni ya watu. Nyumba hii imejengwa na springi za malori. Ada yako ya chuo cha ufundi vilevile. Sikupewa na mtu.

Kwa hiyo nielewe siku ile yule injinia Lameki alipokuja. Alikuwa na adabu, nakiri. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa, akatoa shikamoo kwangu na kwa baba yako. Akaeleza: mwenye mali mpya amelichukua eneo la zamani, ameweka tanuru la umeme, nondo zinatoka, sasa wanataka kurudisha majembe. Wauzaji wa jumla wa Morogoro wamewaambia wakulima wa huku wanadai jembe la palizi la Mikumi. Wanaomba tuwape umbo lake, kwa makubaliano.

Nikamwambia, "Eneo lenu nalijua, mwanangu. Choo cha wanawake kiko nyuma ya stoo ya pili."

Akasema, "Bado kiko hapohapo, mama. Na bado mlango haufungiki."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Nikamjibu hapana. Alipoondoka ukanifuata nyuma ya tanuru, umefunga khanga kiunoni, nikajua umekuja kwa vita.

"Mama, kwa mwezi tunatoa ya palizi mangapi?"

"Mia tatu. Tukijiua, mia nne."

"Na Kidete peke yake, kwa mwezi wa palizi, wanataka mangapi?"

Nikageukia moto nikauchochea, maana jibu nilikuwa nalo. Ukaendelea: na Kilosa yote je? Na mkoa? Na mikono mingapi itavimba wakati sisi tunasubiri malori yavunje springi? Ulikuwa unajumlisha kwa sauti kama mimi. Mafundi waliacha kupiga wakasikiliza. Nikakwambia hujui walichotufanyia.

Ukasema, "Najua. Umenieleza tangu sijaota meno. Lakini mama, wewe una hasira na kiwanda, na kiwanda hakikukumbuki hata kidogo."

Sikukupiga kwa sababu ulikuwa umenizidi urefu. Nilikaa siku kadhaa naongea na wewe kupitia kwa baba yako, ambaye nusu hasikii na nusu nyingine anabadilisha. "Mama yako anasema anakupenda," alikuwa anakwambia, wakati nimesema kafagie.

Yaliyovunja ukaidi wangu ni masharti yako. Mimi nilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Wewe ukaja na la tatu. Umbo tuwape, alama yetu ibaki kwenye ubavu wa jembe. Uzito usibadilishwe bila wanawake wa Kidete kulijaribu shambani. Paa zao zije kwetu tuendelee kupiga yale mazito ya Kisanga, ambayo mashine yao haiyawezi, ili tisa wetu wasiitwe ziada na mtu. Na mmoja wetu awe kwenye zamu. Nilipouliza mmoja nani, ukaangalia viatu vyako. Nikajua umeshakua, na umeshaondoka.

Hata hivyo niliomba moyoni washindwe. Nakuandikia ukweli. Majembe yao ya kwanza yalipofika, nikayaweka kwenye mizani, kilo moja na gramu mia moja, nilijisikia kama niliyeshiba. Nikamwambia baba yako, si unaona? Wewe ulichukua moja, ukapanda basi, ukakaa kule wiki nzima. Uligombana nao kuhusu unene wa paa, ukawashawishi warudishe paa kwenye viringio mara moja zaidi, iwe nyembamba, kabla ya kukata. Lameki aliniambia baadaye kwamba siku mbili za kwanza walikuona msumbufu, na ya tatu wakaanza kukuuliza maswali. Mzigo wa pili ulipofika, nilipima la kwanza, nikapima la pili, nikapima yote: gramu mia nane na hamsini. Kisha nikakaa chini kwenye ndoo.

Tukayapeleka Kidete pamoja, wakati mahindi yamefika magotini. Bi Sikujua sasa anatembelea fimbo, lakini alikataa mtu mwingine amjaribie. Akaweka fimbo chini, akashika jembe, akaingia shambani. Alikwenda mstari mzima mpaka mwisho, akageuka, akarudi na mwingine. Mimi nilikuwa nahema kama ninayepalilia mimi.

"Hili nani amelizeesha?" akauliza.

"Mashine, mama."

"Mashine ya nani?"

Nikakuangalia. Uliinamisha kichwa. Nikasema, "Ya binti yangu huyu."

Akakutazama juu mpaka chini. "Mwambie hili sirudishi," akasema, akalitia begani, akaomba fimbo yake, akaondoka nalo. Wale wengine wakavamia gunia.

Baba yako alikuwa amesimama kando akauliza bibi amesema nini. Nikamwambia kwa sauti, amesema wametuita. Akavua kofia, na safari hii alicheka mpaka akakohoa.

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Nilisimama nje ya pale misimu miwili nikisubiri kuitwa nirudi kupima walichoamua wengine. Hawakuniita. Wamekuja wenyewe mpaka Mikumi, wamevua viatu mlangoni, wamechukua jembe lililochorwa kwa chaki juu ya bati langu, na wamemchukua binti yangu awaonyeshe. Mtu wa ziada hafuatwi kilomita zote hizo.

Ukiwa kazini, yatazame madogo. Beringi ikichomolewa kwenye mashine iliyolala kupewa iliyo macho, uliza siku hiyohiyo, na ukijibiwa kwa neno "muda", uliza tena. Ukiona hawajibu, usisubiri masika ya pili kama mimi. Lakini usiingie ukitafuta dalili za kifo. Mimi ningeingia hivyo, ndiyo maana unakwenda wewe.

Na kila msimu wa palizi, hata wakikupandisha cheo ukakaa kwenye kiti kinachozunguka, panda treni ukashuke pale nilipokuwa napita nachungulia dirishani. Shika jembe lako, piga mistari miwili. Mgongo utakupa taarifa.

Miaka mingi nilitaka kile kiwanda kisimame tena ili nikione kinaanguka, na wao wajue ladha yake. Jioni hii nimekaa kwenye karakana yangu, najaribu kuitafuta ile hasira niikunje niiweke kwenye begi lako pamoja na hii barua, ikulinde. Siipati. Nimekuta nahesabu vitu vingine: paa ngapi kwa siku, majembe mangapi kwa paa, wilaya ngapi kabla ya masika. Nataka tanuru lao lisizimike. Nataka wakose nafasi ya kuweka mizigo. Nataka wasimame, Mwanaidi, wasimame imara, kwa sababu uko ndani yao, na wewe ni wangu.

Nenda kawafanyishe kazi.

Mama yako,
wa Mikumi barabarani